"Umelewa" Haitoshi: Sema Alama, Andika, Pima, Ndipo Ukamate



Kila mwisho wa juma, tangu siku ya tano magaribi mpaka siku ya Mungu usiku, kuna neno moja linalofanya kazi kubwa kwenye vizuizi vya barabara katika miji yetu: "Umelewa." Anaambiwa motari aliyetoka kumfikisha mteja. Anaambiwa shofere wa taxi-bus mwenye macho mekundu kwa sababu aliamka saa kumi ya usiku. Anaambiwa kijana anayetoka kwenye matanga. Mashini ya kupima haiko. Karatasi haiko. Hakuna anayeuliza umekunywa nini, wapi, saa ngapi. Kuna neno tu, na funguo ya pikipiki ambayo imekwisha kutolewa. Kisha inafuata sauti ya chini: "Bwana mudogo, sasa tunafanya namna gani?"

Tunatoa tamko hili kusema mambo mawili, na hatutaki mtu achukue moja aache lingine. La kwanza: mlevi hana haki ya kushika usukani. La pili: hakuna anayevaa uniform mwenye haki ya kufunga mtu kwa neno tupu. Wengine watasema mambo haya yanapigana. Sisi tunasema ni jambo moja. Tundu lile lile linalomwingiza amigo mtu asiyekunywa ndilo linalompitisha mlevi mwenye feza. Jina la tundu hilo ni kukamata bila alama.

Hatumtetei mlevi

Tuanze hapa ili mtu asitusingizie. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linahesabu watu karibu milioni 1,19 waliokufa barabarani duniani katika mwaka wa 2021. Kwa watu wa miaka 5 mpaka 29, barabara ndiyo inaua kupita kitu kingine chochote. Maana yake ni sisi: wanafunzi, wamotari, wale wanaopanda watatu kwenye pikipiki moja kwa kukosa ya kulipia mbili.

Pombe iko ndani ya kifo hicho. Inalegeza macho, inachelewesha mguu kwenye breki, na mbaya zaidi inamdanganya mtu kwamba yuko sawa. Lori la shaba linaloshuka barabara ya Kasumbalesa, likiwa na shofere aliyekunywa lotoko, halichagui nani amelipa kodi na nani hakulipa. Ukiua mtu bila kukusudia, Code pénal yetu inakungojea na kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2. Na hata miaka 2 haimrudishi mama wa mtu.

Kwa hiyo tunataka vizuizi. Tunataka kontrole ya usiku. Ila tunataka kontrole inayomkamata mlevi, si kontrole inayomkamata yule asiye na mjomba mkubwa.

Sheria inasema nini

Wengi wetu tunafikiri polisi anaweza kumfunga mtu wakati anapotaka, kiisha sababu itatafutwa. Sivyo. Katiba ya 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 17 kinasema hakuna mtu anayeweza kufuatiliwa, kukamatwa wala kufungwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa namna sheria inavyoagiza. Kifungu hicho kinasema tena kwamba kila mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imwonyeshe mkosaji. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa luga anayoisikia. Aelezwe haki zake. Awe na haki ya kuwasiliana palepale na jamaa yake ao avoka wake. Na kukaa kwake mikononi mwa polisi kusipite saa 48: zikiisha, ama anaachiliwa, ama anapelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria.

Kuna amri nyingine ambayo watu wachache wanaijua, namba 78-289 ya 3 Julai 1978, inayopanga kazi ya OPJ. Inasema OPJ anaweza kukamata mtu ikiwa kosa linastahili kifungo cha miezi 6 ao zaidi, na ikiwa kuna alama nzito za kumwonyesha kuwa mkosaji. Tusome tena: alama nzito. Si hisia. Si sura. Si namna ya kuvaa. Kama kosa liko chini ya miezi 6, alama nzito peke yake haitoshi tena. Inatakiwa pia kuwe na hatari ya mtu kukimbia, ao asijulikane ni nani. Maana yake, kwa kosa dogo, mtu aliyetoa karti yake ya uchaguzi na kuonyesha nyumba anamoishi hana sababu ya kulala chini kwenye saruji.

Tena, si kila mwenye uniform ni OPJ. OPJ anafanya kazi chini ya uongozi wa parke, na anajibu mbele ya parke. Agent wa kizuizi anaweza kusimamisha gari, anaweza kuona, anaweza kuita OPJ. Kuamua kwamba mtu atalala amigo si kazi ya yule anayeshika kamba.

Kusimamisha, kushuku, kukamata

Hapa ndipo mchanganyiko unapoanza, na wanaokula katika mchanganyiko huo hawataki uishe. Kuna hatua tatu, na kila moja inadai sababu yake.

Kusimamisha gari kwa kontrole hakudai sababu kubwa. Wote wanasimama, karatasi zinaonwa, unaenda.

Kushuku kunadai kitu kilichoonekana: gari linakwenda huku na huku, taa zimezimwa usiku, shofere ananuka pombe, ulimi unakuwa mzito, anashindwa kusimama wima, chupa iko wazi kati ya miguu yake. Hapo polisi ana haki ya kuuliza zaidi na ya kutaka kipimo.

Kukamata kunadai zaidi ya kitu kimoja. Harufu inaonyesha kwamba mtu alikunywa, haionyeshi alikunywa kiasi gani. Macho mekundu yanaweza kuletwa na usingizi, vumbi, ao moshi wa makala. Kutembea vibaya kunaweza kuletwa na malaria, na hata na kinini yenyewe, maana inazungusha kichwa. Mgonjwa wa sukari ambaye sukari imemshuka anaongea kama mlevi, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na akitupwa ndani badala ya kupelekwa kwa munganga anaweza kufa. Alama moja ni swali. Alama tatu zilizoandikwa, na kipimo juu yake, sasa hiyo ni sababu.

Usiku mmoja, mashofere wawili

Tuchukue mfano. Ni siku ya posho, saa sita ya usiku, kizuizi kimoja. Wa kwanza ni motari mwenye diplome ya chuo kikuu mfukoni, kama wengi kati yetu ambao kazi hatujaipata na pikipiki ndiyo ofisi yetu. Alikunywa chupa moja ya bia saa kumi na mbili jioni, pamoja na chakula. Wa pili ni mkubwa mmoja ndani ya jeep yenye vioo vyeusi. Alikunywa tangu saa nane mchana, na karibu agonge ngoma ya kizuizi.

Wote wawili wanaambiwa "umelewa". Wa pili anashusha kioo kidogo, anatoa noti, anaenda. Wa kwanza hana noti. Analala amigo. Asubuhi jamaa yake inakusanya franka, na pikipiki inatoka kwa bei ambayo haiko kwenye karatasi yoyote.

Sasa tujiulize: barabara imepona? Hapana. Mlevi wa kweli angali anaendesha. Asiye mlevi amepoteza siku mbili za kazi, na ndani yake mna feza ya shule ya mdogo wake. Serikali haikupata hata franka moja. Na polisi wa kweli, yule anayesimama kwenye mvua na kufanya kazi yake vizuri, amepoteza heshima mbele ya mji wote.

Mambo haya yanawezekana kwa sababu neno halina karatasi. Kama ingeandikwa "saa 6:10, jeep, karibu igonge ngoma, harufu kali, hawezi kusimama", noti isingefuta maandishi. Na kama ingeandikwa "saa 6:15, pikipiki, hakuna alama isipokuwa harufu ndogo", hakuna OPJ mwenye akili angeweka saini chini yake. Kudai alama kunamlinda asiye na kosa, kunamfunga mlevi, na kunamlinda hata polisi mwenyewe.

Pombe haingoji siku ya kwanza

Kuna jambo la mwili ambalo linaonyesha wazi kwamba kumlaza mtu ndani bila kumpima si kutafuta haki. Mwili wa binadamu unaondoa pombe polepole, kadiri ya gramu 0,10 mpaka 0,15 kwa litre ya damu kila saa. Maji baridi haiharakishi, kahawa haiharakishi, makofi haiharakishi. Mtu mwenye 0,80 saa sita ya usiku, saa mbili ya asubuhi hana kitu, ao karibu hana.

Basi, ukimkamata mtu siku ya posho usiku, usimpime, kiisha umfikishe parke siku ya kwanza asubuhi, unampelekea magistra nini? Ushahidi umekwisha kutoka na mkojo. Kama alikuwa mlevi kweli, umemwokoa. Kama hakuwa, umemnyang'anya njia ya kujionyesha safi. Saa moja ya kwanza ndiyo saa ya ushahidi. Anayeacha saa hiyo ipite anajua vizuri kwamba kesi hiyo haitafika mbele ya juji. Imepangwa iishie mlangoni pa amigo.

"Munatufunga mikono"

Tunajua majibu yatakayokuja.

Wa kwanza watasema: "Alkotesti haziko, polisi afanye nini?" Afanye ambacho kalamu inaweza. Aandike saa, mahali, namna gari lilivyokwenda, alama alizoziona, maneno ya shofere, na majina ya mashahidi wawili. OPJ ana uwezo wa kuita munganga kwa karatasi, na hospitali zinafanya kazi hata usiku. Bajeti ya kizuizi imenunua kamba na ngoma. Inaweza kununua daftari.

Wa pili watasema: "Tukimwacha, atapanda gari na kuua." Hatukusema mumwache apande gari. Kuzuia gari lisiende ni jambo moja, kufunga mtu ni jambo lingine. Funguo zikae, gari liegeshwe, jamaa ao mwenzake mwenye perimi aitwe aje kuendesha. Barabara inalindwa usiku ule ule, na faili inafuata njia yake.

Wa tatu watasema: "Haki hizi ni za Bulaya, zinasaidia wakosaji." Tuangalie basi inchi ambayo haina huruma kwa walevi wa barabara, Marekani. Mwaka 1986, polisi wa jimbo la Michigan waliweka kizuizi cha kutafuta walevi. Katika muda wa saa moja na robo magari 126 yalipita, kila gari likasimama kwa wastani wa sekunde 25, na watu wawili tu wakakamatwa. Mambo yalifika Korti Kubwa ya inchi, na mwaka 1990 ikasema kizuizi cha namna ile kinakubaliwa na Katiba yao: kifupi, kwa wote sawa, chini ya mpango ulioandikwa. Lakini ili kumkamata mtu, polisi wao bado lazima awe na sababu ya kutosha iliyotoka kwa mtu huyo mwenyewe. Na mwaka 2016 korti hiyo ilisema tena: aliyekamatwa kihalali anaweza kupulizishwa kwenye mashini bila ruhusa ya juji, lakini kwa kawaida huwezi kumchoma sindano kuchukua damu yake bila ruhusa hiyo. Hawakufungwa mikono. Wamepewa njia, na wanapita ndani yake.

Magari 126, wawili wakakamatwa. Kizuizi ambacho kila anayesimama ni "mlevi" hakitafuti walevi.

Tunachodai

Kwa wakubwa wa polisi, kwa parke, na kwa serikali ya jimbo:

1. Kila anayezuiliwa kwa ulevi aandikiwe PV palepale, yenye saa, mahali, alama zilizoonekana na jina la agent. Aisome ao asomewe kwa luga anayoisikia.

2. Apimwe katika saa ya kwanza, kwa alkotesti ao na munganga. Asiyepimwa na asiye na alama zilizoandikwa aachiliwe, na funguo zake apewe akiwa anaweza kuendesha.

3. Vizuizi vya usiku viwe na OPJ anayejulikana, mwenye karti yake, na vipangwe kwa maandishi. Kizuizi kisicho na OPJ kisipeleke mtu amigo.

4. Amande ilipwe kwa hazina ya serikali, kwa banki, na karatasi ya malipo itolewe. Malipo ya mkononi kando ya barabara yakatazwe kabisa. Wanaoyapokea wafuatwe kwa sheria ya 29 Machi 2005 inayopinga ulaji rushwa.

5. Magistra wa parke watembelee amigo za mji siku ya Mungu asubuhi, si siku ya kwanza tu. Huko ndiko watakuta waliolala kwa neno tupu.

6. Mwanamke anayezuiliwa usiku asipelekwe mahali popote kabla jamaa yake haijajulishwa. Hili halihitaji bajeti.

Na sisi, kwenye barabara

Haki isiyojulikana ni kama perimi iliyobaki nyumbani. Ukisimamishwa, simama. Usikimbie: kukimbia kunampa mwenzako ile sababu aliyoikosa. Zima moto ya pikipiki, toa karatasi, ongea kwa heshima. Uliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Chef, pole na kazi. Ni alama gani umeiona kwangu? Ninaomba iandikwe." Kiisha sema unataka kupimwa. Wewe mwenyewe uombe kipimo. Asiyekunywa hana hasara, na anayetafuta franka atachoka haraka.

Wakikupeleka, uliza jina la OPJ na saa ya kuingia kwenye register. Piga simu kwa jamaa ao kwa mwenzetu mmoja wa mwendo. Usisaini karatasi usiyoisoma. Hesabu saa 48 tangu saa uliyokamatwa, si tangu saa walipoamka kukuandika. Anayekufunga bila haki anaingia katika kifungu cha 67 cha Code pénal, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya makosa mengi ya barabara.

Na noti ile? Sheria inamhesabu mkosaji anayepokea pamoja na anayetoa. Tunajua uzito wa usiku mmoja ndani, tunajua mama anavyolia kwenye simu, na hatumhukumu mtu. Lakini kila noti inayotoka inalipia kizuizi cha juma linalofuata.

Neno la mwisho kwa wale wanaokunywa: kunyweni, ni haki yenu, lakini pikipiki ilale. Mwite mwenzako. Lipa kiti cha nyuma. Hatutasimama mbele ya parke kwa ajili ya mtu aliyemgonga mtoto akiwa na kasiksi kichwani. Tutasimama kwa ajili ya yule aliyefungwa bila alama, awe nani, awe wa kabila gani, awe anatupenda ao hatupendi.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi 3. Madai haya sita yanaenda kuwa petisheni. Kila mtaa utakuwa na karatasi yake. Njoo uweke saini, na umlete motari mmoja. Miezi 3 tutaihesabu siku kwa siku, kama tunavyohesabu saa 48.

Hakuna alama, hakuna amigo. Hakuna karatasi, hakuna malipo.

Mlevi ashuke. Raia apite.